Kubadili balbu za gari kuwa LED: H4, HB3, indiketa na T10 kwa magari yetu ya Mtwara na Lindi

FundiTaa_Chikongola (mleta uzi)

Wakuu, habari za kazi. Maswali ya LED huwa mengi kila msimu wa korosho ukianza na watu wakaanza kukimbiza mizigo usiku, na majibu yametawanyika kwenye nyuzi za watu. Nayakusanya hapa. Mwenye kupinga apinge, ila aje na namba.

Nianze na jambo ambalo muuza balbu hana haja ya kukwambia. Gari nyingi zinazolalamikiwa kuwa na taa hafifu hazina ugonjwa wa balbu. Zina kioo kilichofubaa na waya zilizochoka. Balbu ya halojeni, yaani ile ya kawaida yenye uzi unaowaka ndani, hupimwa kwa volti 13.2, na mwanga wake hushuka kwa kasi kubwa kuliko volti zinavyoshuka. Ikipata volti 12 inatoa kama asilimia 72 ya mwanga wake, ikipata 11.5 inabaki kama asilimia 63. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, washa injini, washa dimu (mwanga wa chini), ingiza ncha za mita nyuma ya soketi huku balbu ikiwa imechomekwa. Soketi tupu itakudanganya, kwa sababu waya mbovu usiobeba mzigo husoma volti kamili. Na upime pini kwa pini, usipime pini kwa bodi, sababu yake nitaieleza chini. Betri ikisoma 14.0 na soketi 13.5, waya wako mzima. Soketi ikisoma 12 kushuka chini, tafuta erthi (pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi) yenye kutu, pini zilizoungua au swichi iliyochoka. Huku kwetu pwani, kuanzia Shangani mpaka Kilwa Masoko, erthi ndiyo ya kwanza kukagua: fungua nati, kwangua mpaka bati ling'ae, funga, paka grisi.

Kioo kilichokuwa cha njano kinasuguliwa na msasa wa maji namba 800, kisha 1500, 2000 na 3000, halafu polishi, halafu koti la kuzuia jua. Bila hilo koti la mwisho, jua la huku litakirudisha kwenye unjano ndani ya miezi michache. Dawa ya meno ni kiinimacho cha kuuzia gari.

Baada ya hapo, kama bado unataka LED, jua taa yako ni ya aina gani. Kama ndani unaona sahani ya fedha na balbu katikati, hiyo ni taa ya sahani. Kama unaona jicho la kioo duara mbele, hiyo ni projekta. Projekta ina bati la kukata mwanga ndani yake, kwa hiyo mstari wa dimu, yaani ukingo wa juu ambapo mwanga unakoma na giza linaanza, hautegemei sana umbo la balbu. Taa ya sahani inategemea kabisa mahali ambapo uzi wa balbu umekaa. Ukihamisha chanzo cha mwanga milimita moja, mwanga unatawanyika.

Namba ya balbu iko kwenye kitako cha balbu yenyewe. Hiace na Probox nyingi za halojeni ni H4, balbu moja yenye dimu na fulu (mwanga wa mbali), wati 55 na 60. Zenye balbu mbili tofauti mara nyingi ni H11 au HB4 kwa dimu na HB3 kwa fulu. Usinunue kwa kuambiwa "hii ni ya Toyota". Chomoa, soma.

Kuchagua LED. Boksi litakwambia lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 20,000. Halojeni ya H4 inatoa takriban lumeni 1,000 kwenye dimu na 1,650 kwenye fulu. LED nyeupe ikishapata moto inatoa kama lumeni 100 kwa kila wati, kwa hiyo hizo 20,000 zingehitaji wati 200 ndani ya kitu unachokishika kwa vidole viwili. Achana na maandishi ya boksi, angalia haya: chipu ziwe ndogo na zimepangwa mstari mwembamba mahali pale pale uzi wa halojeni ulipo. Weka balbu zote mbili kitako kwa kitako juu ya meza, pima kwa rula kutoka kwenye kola (ile pete ya balbu inayokaa kwenye taa) hadi kwenye uzi, kisha hadi kwenye chipu. Ubao unaobeba chipu uwe mwembamba, chini ya milimita 2. Ule mnene wa milimita 4 unaacha pengo kubwa kati ya mwanga wa kulia na wa kushoto. Kwa H4, chipu za dimu lazima ziwe na kikombe cha bati chini yake. Isiyo na kikombe usiipokee hata kwa zawadi. Kola iwe inazungushika na kujifunga.

Jaribio la dukani: mwombe muuzaji aunganishe kwenye betri, mita ikiwa kwenye ampea 10. Ikianza na ampea 2 kwenye volti 12.5, hiyo ni wati 25. Subiri dakika 15. Ikibaki 1.8, ni nzuri. Ikishuka mpaka 1.1, inajipunguza yenyewe kwa sababu ya joto, na hiyo ndiyo balbu utakayokuwa nayo barabarani. Muuzaji akikataa jaribio, amekwisha kujibu.

Kufunga H4: zima taa, acha balbu ipoe dakika 10. Vuta soketi, toa mpira wa nyuma, bonyeza springi, toa halojeni. Itenganishe kola na LED, weka kola peke yake kwenye taa. Ina masikio matatu, lile pana linakaa juu. Funga springi. Rudisha mpira. Sasa pitisha LED katikati ya mpira, zungusha mpaka ijifunge, chipu zikitazama kushoto na kulia, kikombe kikiwa chini. Ukiikaza kichwa chini, dimu itamulika matawi ya mikorosho na barabara itabaki giza. Kidude cha umeme kinachoning'inia kifunge kwa klipu za plastiki mbali na rejeta, kisiwe kinagonga bati.

Fyuzi usiiguse. LED inakula kidogo kuliko halojeni, kwa hiyo fyuzi ya 10 au 15 iliyopo inatosha. Ikikatika, kuna shoti, na kuweka ya 30 ni kuikaribisha moto ndani ya boneti.

Halojeni za zamani zifunge vizuri uziweke kwenye gari. LED ikifa usiku kati ya Somanga na Nangurukuru, hutapata duka.

Bint_Mikindani

Asante kwa uzi fundi. IST ya zamani, H4. Baada ya kuweka LED, ile alama ya buluu ya fulu kwenye dashibodi haiwaki kabisa, ila fulu yenyewe inawaka. Kwenye gari nyingine kama hii alama inawaka kwa mbali muda wote. Ni waya?

FundiTaa_Chikongola

Dada, waya zako nzima. Hii ndiyo ile sababu ya kupima pini kwa pini. Toyota nyingi za H4 zinakatia taa upande wa hasi. Pini ya pamoja kwenye soketi inapata chanya muda wote taa zikiwashwa, na swichi ndiyo inapeleka hasi kwenye pini ya dimu au ya fulu. Gari nyingine ni kinyume, hasi ndiyo ya pamoja. Ile alama ya buluu kwenye mfumo wa Toyota inategemea umeme kupita ndani ya uzi wa halojeni, uzi ambao ni kama waya mtupu. LED ina kidude cha umeme katikati, hakipitishi ule umeme mdogo, kwa hiyo alama inakosa njia yake au inavujiwa.

Kwanza hakikisha LED zako zinakubali pande zote mbili, yaani hazichagui chanya na hasi. Kama zinachagua, kwenye Toyota zitawaka dimu na fulu kwa pamoja, au zitagoma. Dawa ni waya wa kati unaouzwa maalum kwa H4 zinazokatwa upande wa hasi. Unachomekwa kati ya soketi na balbu, na alama ya buluu inarudi. Usikubali fundi akate waya za gari ageuze pini. Siku ukirudisha halojeni au gari ikienda kwa fundi mwingine, hakuna atakayeelewa kilichofanyika.

Mwalimu_Fizikia_Lindi

Uzi mzuri, lakini mleta mada amekuwa mpole mno kwenye taa za sahani. Uzi wa halojeni ni silinda, unatoa mwanga pande zote kuuzunguka. LED ni nyuso mbili bapa. Hata ikikaa milimita kwa milimita, sehemu ya juu na ya chini ya sahani zinapata mwanga kidogo kuliko mchoraji wa ile taa alivyokusudia. Matokeo yake mwanga mwingi unaangukia karibu na bampa, na mwingine unapanda juu.

Na hapo kwenye bampa ndipo mtego ulipo. Mita 10 za mbele zikiwa nyeupe sana, mboni ya jicho inajifunga, na mbuzi aliyesimama mita 60 humwoni. Dereva anasema "taa zimekuwa kali", kumbe anaona pafupi kuliko zamani. Kipimo chake ni rahisi: simu yenye programu ya kupima mwanga, gari mita 10 kutoka ukutani, pima pale mwanga unapokolea zaidi ukiwa na halojeni, kisha na LED, simu ile ile, mahali pale pale. Ile namba isipopanda, mmenunua mwanga wa bampa.

Ujerumani, LED ya kubadilishia halojeni iliyoruhusiwa barabarani mara ya kwanza ilikuwa ya Osram mwaka 2020, aina ya H7, na ruhusa yenyewe ilikuja na orodha ya magari yaliyopimwa, modeli kwa modeli. Balbu ile ile kwenye gari lisilo kwenye orodha ni kosa. Hiyo inaonyesha kwamba swali la "LED hii ni nzuri?" halijakamilika mpaka utaje taa inayoingia ndani yake.

Nangurukuru_Stendi

Mwalimu umenena. Ukitoka Mingoyo kuja Lindi usiku, kila gari ya tatu inakupofua halafu mwenyewe anajua yuko kwenye dimu.

FundiTaa_Chikongola

Mwalimu, nakubali kuhusu nyuso mbili, sikubali kuwa taa ya sahani ya H4 haifai kabisa. Ipo inayokaa vizuri na ipo isiyokaa, na ukuta ndio unaoamua. Ukiwasha dimu ukutani ukaona mstari ulionyooka na giza la kweli juu yake, endelea. Ukiona ukungu mweupe juu ya mstari, zungusha kola nyuzi chache kushoto au kulia ujaribu tena. Usipopata mstari baada ya hapo, rudisha halojeni. Hakuna bisibisi inayotibu mwanga uliotawanyika, kushusha taa kunahamisha tu tatizo chini.

Kuhusu hao wa Mingoyo, wengi hawakulenga taa baada ya kubadili. Utaratibu ni huu. Upepo wa matairi sawa, mafuta nusu, mtu mmoja akae kiti cha dereva, kile kigurudumu cha dashibodi cha kushusha taa kiwe 0. Sogeza gari mpaka bampa iguse ukuta, weka alama ya tepu mbele ya kitovu cha kila taa. Rudi nyuma mita 5 kamili kwa futikamba, sakafu iwe sawa. Mstari wa dimu uwe sentimita 5 chini ya zile alama. Hiyo ni asilimia 1. Taa iliyo kimo cha sentimita 65 ikishushwa hivyo, mstari wake unagusa lami mita 65 mbele. Ukiuacha mstari usawa wa alama, haugusi lami kabisa, unakwenda kwenye macho ya watu.

Skrubu ya juu na chini iko nyuma ya taa, mara nyingi inafikiwa kwa bisibisi nyota ndefu kutoka juu ya boneti. Geuza nusu mzunguko, angalia, endelea. Funika taa moja kwa kitambaa wakati unalenga nyingine. Kwa H4 lenga dimu tu, fulu itafuata yenyewe.

Jambo jingine: kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo mstari wa dimu unapanda upande wa kushoto kumulika watembea kwa miguu pembeni. Magari ya Japani yako hivyo tayari. Gari iliyotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia, na zinakuja pia, mstari unapanda kulia, moja kwa moja kwenye kioo cha anayekuja. Hiyo hata uiwekee balbu ya dhahabu, tatizo ni taa nzima, siyo balbu.

Mwalimu_Fizikia_Lindi

Hapo tumeelewana. Niongeze kwamba sentimita 5 ni kwa gari isiyo na mzigo. Pikapu ikipakiwa magunia nyuma, pua inanyanyuka na mstari unapanda nao. Wenye kigurudumu cha dashibodi wakitumie, ndiyo kazi yake. Wasio nacho walenge taa gari ikiwa na mzigo wanaoubeba kila siku.

KoroshoGhafi

Fundi, za feni au zisizo na feni? Na ule mpira wa nyuma, fundi wa hapa ameutoa kabisa akasema LED inahitaji kupumua.

FundiTaa_Chikongola

Mkuu, urudishe leo. Bila mpira unaingiza vumbi, na vumbi likishakaa kwenye sahani halifutiki, ukifuta kwa kitambaa unakwangua ile fedha. Mvua zetu zinaanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei, miezi yote hiyo kioo kitakuwa na jasho ndani.

Kinachohitaji hewa ni mkia wa LED, wenye feni au mbavu za alumini, na huo unapaswa kutokeza nje ya mpira. Shingo ndiyo inabanwa na mpira. Tundu likiwa dogo, lipanue kwa kukata duara kidogo kidogo, lisizidi unene wa shingo. Halojeni inatupa joto lake mbele pamoja na mwanga, LED inalitupa nyuma, kwa hiyo ukiufungia mkia ndani ya kifuniko cha plastiki kisicho na nafasi, chipu zinaungua. Kwa taa zenye kifuniko kigumu cha kuzungusha, pima kina chake kabla ya kununua.

Feni: kwa lami ya Mtwara mpaka Masasi, feni nzuri inafanya kazi. Kwa barabara za vumbi kama za Liwale, feni hujaa unga mwekundu, inakwama, na LED inakufa muda mfupi baadaye. Huko chukua ya mbavu za alumini isiyo na feni, hata kama wati zake ni chache. Heri wati 18 zinazodumu.

DerevaFuso_Masasi

Sisi wa volti 24 mnatusahau. Zinazoandikwa 12V/24V zinafaa?

FundiTaa_Chikongola

Angalia maandishi ya kwenye kidude, usiangalie boksi. Ikiandikwa 9–32V inafaa. Ikiandikwa 12–24V, jihadhari, kwa sababu lori likichaji linafika volti 28, na betri ikilegea kichwani zinaruka juu zaidi ya hapo. Kaza vichwa vya betri kwanza. Balbu ya H4 ya lori ni wati 75 na 70, kwa hiyo nafuu ya umeme ni kubwa. Ila, kaka, taa ya Fuso iko juu kuliko ya gari ndogo, ikilengwa vibaya inaingia kwenye kioo cha nyuma cha kila IST iliyo mbele yako. Wewe lenga kwa asilimia 1.5, yaani sentimita 7 na nusu kwa mita 5.

Msangamkuu

Rangi je? Wengi wanachukua 6500K (namba ya rangi ya mwanga, ikipanda buluu inazidi). Mvua ikinyesha wanalalamika barabara inapotea.

Mwalimu_Fizikia_Lindi

Lami iliyolowa inarusha mwanga mbele kama kioo badala ya kukurudishia, kwa hiyo barabara itaonekana nyeusi hata kwa halojeni. Rangi haibadilishi hilo sana. Inachobadilisha ni bughudha: mwanga wenye buluu nyingi unaumiza macho ya anayekuja kuliko wa manjano wenye nguvu ile ile, na ukirudi kutoka kwenye matone ya mvua unakuchosha mwenyewe. Kwa taa kubwa chukua 4300K hadi 5000K. Zaidi ya 6500K unalipia buluu. Taa za chini kwenye bampa weka 3000K za njano, kwa mvua kubwa na kwa ukungu wa asubuhi kule juu Newala, na uziwashe hali ikiwa hivyo tu.

Bint_Mikindani

Na indiketa? Nikiweka LED zinakimbia kama zinafukuzwa.

FundiTaa_Chikongola

Rilei ya indiketa, ile swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima, inahesabu umeme. Balbu ya kawaida ni wati 21, LED ni wati 3 au 5, rilei inadhani balbu moja imeungua, inaongeza kasi kukujulisha. Njia safi ni kubadili rilei. Chomoa ya zamani, hesabu pini. Toyota nyingi zina ya pini 8, mbadala wake wa LED unaitwa CF14. Za pini 3 ni CF13. Chomeka, kazi imekwisha, hakuna waya uliokatwa.

Njia ya pili ni rezista ya omu 6, wati 50, sambamba na kila balbu. Fanya hesabu: volti 14 gawanya kwa omu 6 ni ampea 2.3, mara 14 ni karibu wati 33 za joto tupu. Ukiwasha hazadi muda mrefu, rezista hiyo inapita nyuzi 100 kwa raha. Ifunge kwa skrubu kwenye bati. Ikigusa plastiki ya bampa au waya, itayeyusha. Kwa gari mpya zinazoendesha indiketa kwa kompyuta ya bodi bila rilei, hiyo ndiyo njia iliyobaki.

Angalia pia kitako. Balbu nyeupe ya P21W ina vipini viwili vinavyotazamana, ya manjano ya PY21W vipini vyake vimesogezwa, makusudi zisichanganywe. LED ya indiketa iwe ya rangi ya manjano yenyewe, na ya breki iwe nyekundu yenyewe. LED nyeupe nyuma ya kioo chekundu inatoa waridi. Kwenye breki ndiko LED ina faida isiyo na ubishi: inawaka kama sehemu 2 za kumi za sekunde mapema kuliko uzi. Kwa kilomita 80 kwa saa, hizo ni mita 4 na kitu ambazo wa nyuma yako amepewa bure.

Boda_Ligula

Bodaboda mnazionaje? LED inacheza cheza ikiwa silensa, nikivuta mafuta inatulia.

FundiTaa_Chikongola

Washa ufunguo bila kuwasha injini. Taa kubwa ikikataa kuwaka, taa yako inalishwa moja kwa moja na koili ya injini, umeme wa kwenda na kurudi, siyo betri. LED ya kawaida haiutaki huo. Nunua iliyoandikwa AC/DC, au hamishia waya wa taa kwenye betri kupitia swichi na fyuzi ya ampea 5. Balbu yako ya asili ni wati 35, LED ya wati 10 hadi 15 haitaimaliza betri iliyo nzima. Za wati 40 zenye macho sita acha, chaji ya pikipiki ndogo haizimudu ukiwa kwenye foleni ya stendi.

Nangurukuru_Stendi

Redio inakoroma nikiwasha taa. Nikizima inanyamaza.

FundiTaa_Chikongola

Kidude cha LED kinakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde na kinatoa kelele. Washa taa moja moja ujue ni ipi. Sogeza kidude mbali na waya wa antena, pitisha waya wake mara 3 hadi 5 kwenye pete ya feraiti karibu kabisa na kidude, kaza erthi ya redio. Ikiendelea, balbu ni ya hovyo, irudishe ulikoinunua.

KoroshoGhafi

T10, zile balbu ndogo za taa ya ndani, nazo: nimezima, mlango umefungwa, bado inawaka kwa mbali sana kama kimulimuli.

Mwalimu_Fizikia_Lindi

Saketi ya kuzima taratibu inavujisha umeme mdogo, uzi wa zamani haukuuona, LED inauona. Rezista ya omu 1,000 ya nusu wati sambamba na balbu itaunyonya. Kama T10 haiwaki kabisa, ichomoe uigeuze, nyingi zina chanya na hasi. Na za taa ya namba ya gari usizidishe mwanga, namba inapaswa kusomeka, isigeuke ubao mweupe.

Mzee_wa_Kilwa

Wanangu, mimi nataka kubaki na halojeni ila iwake inavyopaswa. Inawezekana?

FundiTaa_Chikongola

Shikamoo mzee wangu. Inawezekana, na kwa gari kongwe ndiyo ningeanza nayo. Rilei mbili za ampea 30, moja ya dimu, moja ya fulu. Waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka chanya ya betri, fyuzi ya ampea 15 kwa kila rilei, karibu na betri kadiri inavyowezekana. Huo unaingia pini 30, pini 87 inakwenda kwenye balbu zote mbili, hasi ya balbu inakwenda kwenye erthi mpya ya waya huo huo mnene. Soketi ya zamani ya upande mmoja sasa inawasha rilei tu: pini 86 kwenye pini ya pamoja, 85 kwenye ya dimu kwa rilei ya kwanza, na 85 kwenye ya fulu kwa rilei ya pili. Koili ya rilei ya kawaida haichagui chanya na hasi, kwa hiyo hata Toyota ya kukatia hasi inakubali. Chagua tu rilei isiyo na dayodi ndani. Balbu ziwe za kawaida 60/55 za kampuni inayoeleweka. Zile za 100/90 zinayeyusha soketi na kubabua sahani.

Mzee_wa_Kilwa

Marahaba. Nimepata nilichotaka.

DerevaFuso_Masasi

La mwisho kwa upande wangu: LED ya kulia imekufa, ya kushoto nzima. Ninunue moja au mbili?

FundiTaa_Chikongola

Kabla ya kununua, zibadilishane pande. Ubovu ukihamia kushoto, balbu imekufa. Ukibaki kulia, ni fyuzi, soketi au erthi ya upande huo, na balbu mpya haitasaidia. Kama ni balbu, chomoa feni uone kama imejaa vumbi, ipulize kwa pampu, ijaribu tena kwenye betri. Ikikataa, nunua jozi. Moja mpya na moja iliyochoka hazitafanana rangi wala nguvu, na iliyobaki nzima itakuwa spea yako.